Shajara ya kurekodi: Schoenberg na Ligeti kwenye diski moja

Januari. Kuchagua

Mimi ni mpiga fidla, na mpango wa kwanza wa diski hii ulikuwa wa koncheto tatu za fidla, yaani kazi za fidla moja mbele ya okestra: ya Alban Berg ya mwaka 1935, ya Arnold Schoenberg iliyokamilika 1936, na ya György Ligeti, ambayo umbo lake la sehemu tano lilitimia mwaka 1992. Prodyuza alichukua kalamu akajumlisha. Berg anakula dakika 26 hivi, Schoenberg 30 na ushei, Ligeti karibu 28. Diski inabeba dakika 80 tu. Anayesikiliza mtandaoni hana habari na kikomo hicho, lakini kampuni bado inataka diski, nami naitaka vilevile, kwa kuwa kwenye diski mpangilio wa kazi unaamuliwa na mpigaji, hauamuliwi na programu.

Aliyekatwa ni Berg. Nimeumia, maana hata nikiulizwa usingizini ipi nzuri kuliko zote tatu nitamtaja yeye. Aliiandika kumkumbuka Manon Gropius, binti wa Alma Mahler na msanifu majengo Walter Gropius, aliyefariki kwa polio Aprili 1935 akiwa na miaka 18 tu. Berg mwenyewe akafariki mkesha wa Krismasi mwaka huohuo, asipate kuisikia ikipigwa. Lakini Berg hahitaji wakili. Rekodi zake ni nyingi na nzuri zipo, na safu yake ya nota 12, yaani mpangilio wa nota zote 12 ulio msingi wa kazi nzima, imejengwa juu ya nyuzi nne tupu za fidla, G, D, A na E, hivyo hata sikio geni linapata pa kushika. Schoenberg hatoi mkono wa namna hiyo. Watu wanamwogopa kabla hawajamsikia, na wako wapiga fidla wazuri kabisa wanaostaafu bila kufungua ukurasa wake wa kwanza.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba koncheto hizi mbili za watunzi wa Vienna zilipita mikononi mwa mtu mmoja. Mpiga fidla Louis Krasner ndiye aliyemwagiza Berg na kuipiga kazi hiyo kwa mara ya kwanza Barcelona, Aprili 1936. Ndiye pia aliyeizindua ya Schoenberg mjini Philadelphia tarehe 6 Desemba 1940, Leopold Stokowski akiongoza okestra. Kati ya kukamilika kwake na siku hiyo ilipita miaka minne. Nikichoka na ukurasa fulani huwa namfikiria Krasner, ambaye hakuwa na rekodi ya mtu yeyote ya kuiga.

Ligeti ameingia kwa sababu tofauti. Schoenberg anamtesa mpigaji kupitia mkono. Ligeti anamtesa kupitia sikio. Wakikaa pamoja, msikilizaji atakutana na aina mbili za ugumu, na huenda akaacha kusema "muziki wa kisasa" kana kwamba ni kitu kimoja.

Haki za watunzi zimekwisha kushughulikiwa. Schoenberg alifariki 1951, kwa hiyo pale ambapo sheria inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, ulinzi wake ulikoma mwishoni mwa 2021. Ligeti alifariki 2006, bado analindwa. Karatasi za okestra zinakodishwa, na mkataba unadai zirudishwe alama zote za penseli zikiwa zimefutwa, kazi ambayo hakuna mtu anayejitolea kuifanya.

Februari. Mkono wa kushoto

Inasimuliwa kwamba Schoenberg alipoambiwa koncheto yake inahitaji mtu mwenye vidole sita, alijibu kuwa yuko tayari kungoja. Iwe kweli au la, kauli hiyo inafanana na kurasa zenyewe. Kuna harmoniki mbili kwa pamoja, ambapo vidole vinagusa nyuzi mbili bila kuzibonyeza na kila kosa dogo linatoa mluzi. Kuna nota za kudonoa kwa mkono wa kushoto wakati upinde ukiendelea na kazi nyingine. Kuna kordi za nota nne, yaani nota nne kwa mpigo mmoja, ambazo kidole kidogo kinatakiwa kifike mahali ambapo hakijawahi kualikwa.

Lakini hayo yote yanaonekana kwa macho. Tatizo kubwa zaidi limejificha, nalo ni hili: mkono wa mpiga fidla umelelewa na skeli. Tangu utotoni vidole vinajifunza njia za Mozart na Brahms, vikijua kwamba baada ya hatua hii inakuja ile. Safu ya Schoenberg haipiti njia hizo. Inakwenda A, B-flati, E-flati, B, E, F-shapu, C, C-shapu, G, A-flati, D, F. Ukiitazama utaona nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano, zimejaa, na vilevile miruko ya toni tatu kamili, F-shapu hadi C, C-shapu hadi G, A-flati hadi D. Vidole vinavyotafuta skeli humo vinafika kila nota vikiwa vimechelewa kidogo, si kwa sababu ya kasi bali kwa sababu ya mshangao.

Kwa hiyo nimetupa skeli za kawaida kwa muda. Kila asubuhi napiga safu hiyo yenyewe: mbele, nyuma, imegeuzwa juu chini, kwenye uzi mmoja, kwenye nyuzi mbili. Naiimba pia, nikiwa natembea. Kuna siri moja ya ujenzi ambayo imenisaidia kuliko mazoezi ya vidole. Ukichukua nota sita za kwanza za safu, ukazigeuza juu chini kuanzia D, unapata D, C-shapu, A-flati, C, G, F, yaani nota sita zilezile ambazo nusu ya kwanza haikuzitumia. Schoenberg anaitumia sifa hiyo kuweka fidla upande mmoja na okestra upande wa pili, na kwa pamoja wanakamilisha nota zote 12. Nikilijua hilo, kordi ya okestra inayonifuata haisikiki tena kama kelele za jirani. Inasikika kama nusu iliyobaki ya sentensi yangu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama si bora mtu ajifunze kwanza kuifurahia ndipo aichambue. Kwangu imekuwa kinyume. Sikuifurahia hata kidogo mpaka nilipoijua.

Kuna kisa cha mtunzi Stravinsky kinachopendwa sana na wapiga fidla. Alipokuwa akiandaa koncheto yake ya 1931 kwa ajili ya mpiga fidla Samuel Dushkin, alimwandikia kwenye karatasi kordi ya nota tatu, D, E na A, zilizoachana mno, akamuuliza kama inapigika. Dushkin akasema haiwezekani. Alipofika nyumbani akaijaribu, akakuta ni rahisi, akamwarifu haraka. Na kordi hiyo sasa inafungua kila sehemu ya koncheto hiyo. Kwenye karatasi ilitisha, mkononi ikawa nyepesi. Kwa Schoenberg mara nyingi ni kinyume chake: mstari unaoonekana wa kistaarabu kabisa kwenye karatasi ndio unaokuchukulia wiki nzima.

Machi. Nyuzi zilizolegezwa kwa makusudi

Ligeti sasa. Okestra yake ni ndogo, lakini ndani yake kuna fitina. Fidla moja na viola moja haziwekwi sawa na wenzao. Uzi wa fidla hiyo unakazwa ufuate harmoniki ya saba ya besi, na wa viola unalegezwa ufuate harmoniki ya tano. Harmoniki ni nota ambazo uzi unazitoa wenyewe ukiguswa kwenye sehemu zake za nusu, theluthi, robo na kuendelea, na hazifuati piano. Ya tano iko chini ya nota ya piano kwa senti 14, ya saba kwa senti 31, senti moja ikiwa ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Honi nazo zinaombwa mahali fulani zipige nota zao za asili bila kuzirekebisha. Matokeo yake ni okestra ambayo imepinda kwa vipimo, na katikati yake nasimama mimi na fidla iliyonyooka.

Nimekutana na wale wawili, mwenye fidla na mwenye viola, pamoja na mpiga besi, bila okestra. Tulikaa tu tukisikiliza. Mpiga besi anatoa harmoniki yake, wao wanafuata, mimi napiga nyuzi tupu juu yao, maana ndivyo sehemu ya kwanza inavyoanza: fidla ikipita juu ya nyuzi tupu kwa sauti ndogo kiasi cha kutilia shaka kama imeanza. Jambo la ajabu lilitokea baada ya muda. Masikio yalizoea, na fidla yangu mimi ndiyo iliyoanza kusikika imepinda.

Hapo nikaelewa kwamba kazi yangu katika Ligeti ni kukataa kusaidia. Mpigaji aliyefunzwa vizuri akisikia mwenzake yuko chini kidogo, kidole kinateleza chenyewe kumfuata. Hapa kuteleza huko kunaua muziki. Ule mgongano mdogo ndio rangi yenyewe.

Sehemu ya pili inaanza na wimbo mtulivu kwenye uzi wa G, ambao Ligeti alikwisha kuutumia katika muziki wake wa piano wa miaka ya 1950, halafu baadhi ya wapiga ala za kupuliza za mbao wanaweka ala zao chini na kuchukua okarina. Okarina ni chombo kidogo cha udongo kinachopulizwa, na sauti yake hupanda kadiri pumzi inavyozidi, kwa hiyo okarina nne haziwezi kukubaliana hata zikitaka. Ligeti alijua. Wapigaji walipoambiwa wasihangaike kuziweka sawa walipumua kwa furaha kuliko nilivyotarajia.

Kwa upande wa midundo, inafaa kusema jambo ambalo maelezo ya matamasha huligusa kwa sentensi moja na kupita. Miaka ya 1980 Ligeti alisikiliza kwa makini rekodi za muziki wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti Simha Arom, na hata akaandika utangulizi wa kitabu chake kuhusu midundo hiyo. Alichochukua huko si nyimbo. Alichukua namna ya kuhesabu: badala ya kipimo kikubwa kinachogawanywa, kuna mpigo mdogo wa haraka unaokwenda mfululizo, na kila mtu anakusanya mipigo hiyo kwa idadi yake, mmoja tatu tatu, mwingine nne nne, mwingine tano tano. Wapigaji waliolelewa kumtazama mwongozaji akishusha mkono kwenye mpigo wa kwanza wanapotea humo, kwa kuwa kila mmoja ana wa kwanza wake. Aliyewahi kushika ngoma ya kuitikia katika kundi la ngoma tatu hatapotea kirahisi. Nimeacha metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, ipige mpigo mdogo tu, bila alama ya kuanza, na nahesabu makundi yangu mwenyewe.

Kadenza ya mwisho, yaani pale fidla inapobaki peke yake bila okestra: mtunzi aliruhusu mpigaji aandike yake. Ipo iliyochapishwa pamoja na kazi, inayotokana na Saschko Gawriloff, mpiga fidla aliyeizindua koncheto, na mtunzi Thomas Adès naye ameandika ya kwake. Mimi naandika yangu. Ni fupi, inakusanya ule wimbo wa uzi wa G na kuuvunjavunja kwenye harmoniki, kisha okestra inanikatiza kama Ligeti alivyotaka.

Aprili

Mazoezi na piano. Hakuna la kuandika, ila kwamba mpiga piano anastahili kulipwa mara mbili. Schoenberg akipunguzwa kwenye piano anageuka mtihani wa vidole kumi kwa mtu ambaye jina lake halitakuwepo kwenye jalada.

Mei. Ukumbi na maikrofoni

Siku nzima imekwenda kwenye maiki, nami nimeipenda kuliko nilivyotazamia, kwa sababu hapa ndipo swali la mradi mzima lilipojitokeza waziwazi.

Ukweli wa ukumbini ni kwamba okestra ya Schoenberg inaweza kuimeza fidla. Aliandika kwa okestra kubwa, yenye ala za shaba na ngoma, na ingawa anaitumia kwa uangalifu, zipo sehemu ambapo aliyeketi nyuma anaona mkono wangu ukienda bila kusikia chochote. Maiki inaondoa tatizo hilo kwa urahisi wa kutia aibu. Ukiiweka karibu na fidla na kuipandisha, mtu mmoja anaishinda okestra nzima akiwa ananong'ona. Rekodi nyingi za koncheto zinafanya hivyo, na ndiyo sababu wasikilizaji wanashangaa wakienda ukumbini: fidla waliyoizoea ilikuwa kubwa kuliko jengo.

Fundi mitambo amepanga maiki tatu kuu juu ya kichwa cha mwongozaji, zikisikia pande zote, na hizo ndizo zitakazobeba picha nzima. Maiki yangu ipo, lakini mbali kidogo, na sauti yake inacheleweshwa ili ilingane na zile kuu. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, takriban milisekunde 3 kwa kila mita moja, na usipolinganisha, fidla inasikika mara mbili, ya kwanza kavu na ya pili yenye ukumbi ndani yake. Prodyuza alitaka maiki yangu isogezwe. Nikamwambia, "Kaka, nikizama pale Schoenberg alipotaka nizame, niache nizame." Akacheka, akasema tutaona nikishasikiliza. Tumekubaliana iwepo, iwe chini, na ipandishwe tu pale ambapo msikilizaji angepoteza mstari kabisa.

Tumeamua nisimame nikiwatazama wapigaji, mgongo kwa viti vitupu. Katika tamasha ingekuwa utovu wa adabu. Hapa inanipa macho ya mpiga selo wa kwanza, ambaye katika ufunguzi wa Schoenberg ndiye jirani yangu wa karibu.

Juni. Schoenberg, sehemu ya kwanza

Inaanza na nusu toni, A kwenda B-flati, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeanza kusema halafu akafikiri upya. Tumeipiga yote mara moja bila kusimama, kwa agizo la prodyuza, ili okestra ijue safari ina urefu gani. Kisha vipande.

Kulikuwa na teki moja (kipande kilichorekodiwa kwa mara moja) ya kurasa za katikati ambayo kila nota ilikaa mahali pake. Nilishusha upinde nikijua. Mwongozaji akaniinulia dole gumba. Kutoka kwenye kipaza sauti cha chumba cha mitambo ikaja sauti ya prodyuza: "Dada, hiyo ilikuwa safi mno. Tuombe nyingine."

Okestra ilicheka. Mimi sikucheka mpaka tulipokwenda kusikiliza. Alikuwa sahihi. Ilisikika kama mtu anayesoma namba za simu bila kukosea. Ile miruko mikubwa kutoka chini ya uzi wa G hadi juu kabisa ya uzi wa E ilifika bila gharama yoyote, na mruko usio na gharama si mruko. Schoenberg aliandika umbali. Nikiufuta umbali kwa ustadi, nimefuta alichoandika. Katika teki iliyofuata niliacha upinde uchukue muda wake wa kuvuka nyuzi, na kidole kikatua kwa kishindo kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa na uso.

Nimeliwaza hili jioni yote. Studio inavuta kila kitu upande mmoja, upande wa usafi, kwa sababu usafi unapimika na hakuna anayeupinga. Teki yenye nota mbovu inaonekana mara moja. Teki isiyo na hatari haionekani mpaka umeshaichapisha. Katika Mozart madhara ni madogo, kwa vile muziki wenyewe unataka wepesi. Katika kazi iliyotungwa makusudi nje kidogo ya uwezo wa mkono, kuondoa dalili za jitihada ni sawa na kubadilisha nota.

Juni. Sehemu ya pili na ya tatu

Andante grazioso, sehemu ya pili, ilikwenda vizuri, na nimeipenda kuliko wakati wowote. Wanaosema Schoenberg hana nyimbo wasikilize hapa. Akiwa tayari Los Angeles, mbali na Vienna alikozaliwa, Ulaya yake yote ikiwa nyuma, bado anaandika kitu ambacho kinataka kucheza.

Sehemu ya mwisho ni gwaride, na gwaride halina huruma kwa mpigaji aliyechoka. Kadenza kubwa iko karibu na mwisho, baada ya yote. Tulikuwa na hiari ya kuirekodi asubuhi peke yake, mkono ukiwa mpya. Nilikataa, tukaipiga mahali pake ndani ya sehemu nzima, kisha tukarudia sehemu nzima tena. Fundi mitambo alinung'unika kuhusu saa. Vipindi vya okestra vinalipiwa kwa saa, na dakika kumi za mapumziko nazo ni za mkataba, kwa hiyo manung'uniko yake yalikuwa halali.

Jambo la kiufundi la kukumbuka: ala za kupuliza zikipata joto sauti zake hupanda. Teki ya mwanzo wa kipindi na ya mwisho wake hazilingani, tofauti ni ndogo lakini ipo, na ukiziunganisha katikati ya nota ndefu ya obua sikio linasikia ngazi. Prodyuza anaandika kwenye kitabu chake cha nota, pembeni mwa kila kipande, teki zinazoweza kuoana na zisizoweza. Kitabu hicho sasa kina rangi nne za penseli na hakuna mwingine anayeweza kukisoma.

Juni. Ligeti

Tatizo la kwanza lilikuwa mtambo wa hewa. Ufunguzi wa Praeludium, sehemu ya kwanza, ni mdogo kuliko mvumo wa bomba la dari. Ukazimwa. Tukapiga, tukalowa jasho, ukawashwa, tukapumzika, ukazimwa. Nyuzi hazipendi mabadiliko hayo ya joto, na wale wawili waliokaza na kulegeza nyuzi zao waliteseka kuliko wote, kwa sababu uzi uliotolewa mahali ulipozoea hujaribu kurudi. Mpiga besi aliwapa harmoniki yake kati ya teki na teki bila kuombwa.

Okarina zilifanya kazi yake. Katika teki mojawapo zilifika kwenye korali, wimbo wao wa pamoja katika sehemu ya pili, zikiwa zimeachana kiasi cha kuumiza meno, na mwongozaji akageuka kunitazama kama kuuliza, tusimame? Nikatikisa kichwa. Hiyo ndiyo tutakayoitumia.

Intermezzo, sehemu ya tatu, ni fupi na ina hasira ya ajabu: okestra inateremka kwa nusu toni kwa kasi kubwa, kila mmoja akianzia mahali pake, na mimi naimba juu yao mstari mrefu kana kwamba hakuna kinachotokea. Kishawishi ni kuwakimbilia. Nilifumba macho nikahesabu mipigo yangu tu.

Passacaglia, sehemu ya nne, ilinipa shida ambayo sikuiona nyumbani. Inaanza mbali kwa utulivu na kupanda polepole sana hadi kwenye kilele cha kutisha. Ukiirekodi kwa vipande, kila kipande kinaanza na nguvu mpya, na mwinuko wa mlima unageuka ngazi. Tumeipiga yote kila mara. Kuna mkwaruzo wa upinde dakika ya mwisho kwenye teki bora, na nadhani utabaki.

Kadenza yangu ilirekodiwa okestra ikiwa imekaa kimya mahali pake, maana miili ya watu wengi ukumbini inabadilisha sauti ya ukumbi. Mwishoni tulirekodi ukimya wa chumba, watu wote wakiwa wametulia, ili prodyuza awe na kimya halisi cha kujazia kati ya sehemu na sehemu. Ukimya wa kompyuta haufai. Sikio linaukataa papo hapo, kama shimo.

Agosti. Kuhariri

Toleo la kwanza limefika. Limeunganishwa vizuri mno. Prodyuza anaficha viungo kama fundi cherehani anayejua mshono upite wapi. Kila kiungo ni milisekunde chache ambamo teki moja inafifia na nyingine inaingia, na mara nyingi anakiweka juu ya pigo la ngoma au mwanzo wa kordi, mahali ambapo sikio lina shughuli nyingine.

Nimesikiliza mara ya kwanza bila nota, mara ya pili na nota. Orodha yangu ya marekebisho ni tofauti na niliyowahi kuandika katika mradi wowote, kwa sababu nusu yake inadai virudishwe vitu vilivyoondolewa. Katika gwaride la Schoenberg aliziba kordi moja ya nota nne kwa teki nyingine, iliyo sahihi zaidi. Ile ya awali ilikuwa na nota ya juu iliyochelewa kidogo kwa sababu kidole kilikuwa bado kinavuka. Nataka ile. Hakupinga kwa hoja ya usahihi. Alipinga kwa hoja nzuri zaidi: msikilizaji wa tamasha anaisikia mara moja na kuisahau, wa diski ataisikia kila akirudia, na dosari inayorudiwa inageuka kuwa mapambo. Hilo lina uzito. Tumelizungumza mpaka simu ikaisha chaji. Mwishowe kordi ile imerudi, na sehemu nyingine mbili nilizozitetea kwa ukaidi nimeziachia, kwa kuwa hazikuwa na jitihada ndani yake, zilikuwa na nota isiyo sawa tu.

Mpiga fidla ninayemheshimu alinikumbusha rekodi ya mpiga fidla Hilary Hahn ya koncheto ya Schoenberg, aliyoifanya na mwongozaji Esa-Pekka Salonen na okestra ya redio ya Sweden na kuitoa 2008. Huko usafi ni wa kiwango cha juu kabisa na bado muziki una damu. Kwa hiyo usafi wenyewe si adui. Yeye ana njia yake ya kuupata bila kulipa nilichokuwa nalipa mimi kwenye ile teki ya kwanza. Mimi nina mkono huu.

Ligeti hakuhitaji mabishano, isipokuwa onyo moja lililoandikwa kwa herufi kubwa kwa fundi atakayeandaa masta, yaani nakala ya mwisho inayokwenda kuchapishwa: asiguse usawa wa sauti mahali popote. Programu za siku hizi zinaweza kunyoosha senti 31 kimyakimya, na mtu mwenye nia njema angeweza kuitengeneza koncheto nzima ikawa si ya Ligeti.

Septemba. Masta

Tulirekodi kwa biti 24 na kilohezi 96; ya diski inashushwa hadi biti 16 na kilohezi 44.1, kama diski zote. Tofauti kati ya mwanzo wa Praeludium na kilele cha Passacaglia ni kubwa mno kwa mtu anayesikiliza akiwa safarini, na kampuni imeuliza kwa upole kama pande hizo mbili haziwezi kusogezwa zikaribiane. Hapana. Atakayetaka kusikia mwanzo ataongeza sauti, na Passacaglia itampata akiwa ameiongeza.

Ligeti anatangulia. Prodyuza alidhani nitafuata miaka, 1936 kisha 1992, lakini nyuzi tupu ndizo mlango mzuri wa kuingilia, na anayefika kwa Schoenberg akiwa ametoka kusikia okarina hatalalamika kwamba nota 12 ni nyingi. Kati ya kazi hizo mbili tumeweka sekunde 12 za ukimya wa ukumbi. Kampuni ilipendekeza tano.

Kilichobaki ni maelezo ya kijitabu, ambayo yamerudi kwangu kwa sababu niliandika mno kuhusu harmoniki na kidogo kuhusu mimi, na karatasi za kukodi, ambazo nimezifuta penseli hadi ukurasa wa viola. Faili la masta linaondoka Jumatatu.